Mti Tulioona Haya Kuutaja

Baba yangu hakuogopa kufa. Aliogopa kufa kabla hajazishika mbao zake.

Kwetu Nzahaha, kilimani huku Rwanda, mwanaume aliyepanda miti hangoji afe ndipo watu waanze kukimbia huku na huku wakitafuta sanduku. Akiona nguvu zinamwishia, anachagua mti mmoja katika msitu wake mwenyewe. Wanawe wanaukata, wanaupasua, na mbao zinapandishwa darini jikoni, juu ya moto, zikauke taratibu. Mgeni akiingia na kuinua macho anaambiwa, "Hizo ni za mzee," na mzee anacheka, anasema bado ni mbichi, yeye hana haraka. Nimewajua wazee walioishi miaka mingi wakila maharage chini ya mbao zao. Mmoja alichoka kuzitazama, akatengeneza meza kwa mbao hizo, kisha akachagua mti mwingine. Ni desturi ya kilima chetu tu, kwingine sijaikuta, na sijui ilianzia kwa nani.

Mimi mwenyewe ni muuza mbao. Nina depo mjini Kamembe na ninakaa Gihundwe, na watoto wangu wamesoma kwa mbao tangu wa kwanza mpaka wa mwisho. Kwa miaka mingi mzigo wangu ulitoka Congo: muvula, na zaidi libuyu, ile mbao nyekundu ya porini yenye harufu inayokaa kwenye nguo hata ukifua. Zilishuka Bukavu kwa magari, zikavuka mpaka, na mimi kazi yangu ilikuwa kubishana bei. Zimekatwa msitu gani, na nani, kwa ruhusa ya nani? Ayii, nani alikuwa na nafasi ya kuuliza hayo na mafundi wamejaa mlangoni! Kisha sheria ikabadilika. Mbao isiyo na karatasi ya kuonyesha msitu ilikotoka haivuki. Siku ya kwanza gari langu liliporudishwa, nilisimama mpakani nikapiga kelele mpaka askari mmoja akaniambia kwa upole, "Maman, kunywa maji kwanza." Nilikunywa. Lakini ndani yangu nilijua wana haki, kwa sababu baba yangu alikuwa ananiambia hivyo hivyo tangu nilipofungua depo.

Baba alikuwa mpasua mbao. Tuliishi Congo kama wakimbizi, mimi nilizaliwa kule, na kazi aliyoipata kule ilikuwa msumeno wa watu wawili, mmoja juu ya gogo, mwingine chini. Yeye alikuwa wa chini. Vumbi la libuyu lilimwingia puani na mdomoni ujana wake wote. Tuliporudi Rwanda, kipande cha ardhi alichopata kilikuwa mtelemko mkali, umechoka, hata mihogo ilikataa kuota. Akapanda miti. Mikaratusi huko juu, gereveriya chini karibu na nyumba. Majirani walimcheka, wakamwambia watu hula viazi, hawali majani. Yeye aliendelea kubeba maji na kopo lake.

"Nilikata miti ya benyewe maisha yangu yote," alikuwa anatuambia. "Mi nataka kulala ndani ya muti yenye sikuomba muntu." Na kila nilipokuja na libuyu nguoni alininusa, akakunja uso, akasema, "Hiyo musiniwekee. Nilitoka Congo muzima, musinirudishe kule ndani ya sanduku." Alikuwa anacheka akisema hivyo, na sisi tulicheka. Lakini hakuwa anatania.

Mbao za Congo zilipoadimika, wanunuzi walianza kupanda vilima vyetu. Walinunua mti wowote uliosimama, hata mchanga, hata ule usiojaza mkono. Ng'ambo ya njia kutoka kwa baba kulikuwa na mtelemko mwingine; mwenye ardhi hiyo aliuza miti yote kwa wakati mmoja, akahamia mjini. Mvua ilipokuja, udongo uliteremka ukafunika jiko la jirani yetu mmoja, mama mjane, pamoja na mbuzi wake aliyekuwa ndani. Yeye alikuwa ameenda kuteka maji. Tulimkuta anachimba kwa mikono, anamwita mbuzi kama anavyoitwa mtoto. Tangu siku hiyo, mawingu yakikusanyika, mama huyo halali kwake, anakuja kulala kwa baba.

Kwa hiyo niliposikia mjini kwamba kuna mfuko unaokopesha watu wenye miti, nilifurahi mpaka nikawalipia soda watu nisiowajua. Mpango wenyewe ulikuwa mzuri, na mpaka leo nasema ulikuwa mzuri. Huuzi mti wako ukiwa mchanga kwa sababu mtoto anadaiwa karo. Unauweka rehani ukiwa umesimama, unakopa kwa riba ndogo, na kila mwaka unaongezewa kitu kidogo kwa kuuacha usimame, mpaka ukomae na kuuzwa kwa bei ya mti kweli. Mnajiunga kikundi, kila mmoja anamdhamini mwenzake. Na sharti ni moja: mti hata mmoja ukikatwa kabla ya wakati, dosye, yaani faili ya kikundi kizima, inafungwa, na mkopo wote unadaiwa hapo hapo.

Mimi ndiye niliyeupeleka Nzahaha. Mbao nazijua na mdomo ninao. Nilipita nyumba kwa nyumba, nikasema mpaka sauti ikakauka, na wakanichagua kuongoza kikundi, wakaanza kuniita Maman Prezida, wengine kwa heshima, wengine kwa kunitania.

Mkutano wa kutia sahihi ulifanyika uani kwa baba. Wazee walikaa benchi ya mbele, baba katikati yao, amevaa koti lake la misa. Wakala wa mfuko, tunayemwita ajan, kijana mwenye adabu, alisoma kontra yote ya mkopo pole pole, akafafanua kila neno. Kisha akauliza, na masikio yangu yalisikia, "Kuna mti wowote ambao mtauhitaji kabla ya muda? Semeni sasa, tuutoe."

Kila mtu aliinamisha kichwa. Kila mtu alikuwa anafikiria kitu kile kile, na nani angekisema? Usimame mbele ya wazee walio hai, wamekaa hapo wanakutazama, useme, bwana, tutolee mti wa sanduku la huyu, na la huyu, na la yule? Kwetu kusema hivyo ni kumsukuma mtu kaburini. Lisemwalo lipo, na kama halipo liko njiani. Na mzee mwenyewe hawezi kuomba mbele ya watu, maana angekuwa anawaaibisha wanawe kwamba wamechelewa. Baba alikohoa. Nilimsikia akikohoa, na nilielewa kikohozi kile. Nikamwambia ajan, "Hakuna swali, endelea."

Tukatia sahihi wote. Wiki ile ile vijana wa mfuko walikuja na rangi nyeupe, wakaipa kila shina namba na kulipiga picha. Waliotunga kontra hawakuwa watu wabaya. Waliuliza. Sisi ndio tulionyamaza kwa adabu zetu.

Baba alianza kudhoofika kiangazi kilichofuata. Macho yake tayari yalikuwa na utando, aliona mwanga na vivuli tu, sasa na miguu ikamkataa. Alinitumia salamu nije. Nilimkuta kwenye mkeka nje, jua likimpiga magotini. Mdogo wangu wa kiume, anayekaa naye pale, alikuwa amechuchumaa kando.

"Ile gereveriya ya pembeni ya njia ya jikoni," baba alisema. "Njo ile nimechagua. Iko nyoofu, haina mafundo mingi. Huyu aanze musumeno kesho."

"Papa," nikamwambia, "ile ina namba."

"Namba gani?"

"Ya mfuko. Miti yote ina namba sasa."

"Basi bakate na namba yake," akasema, akacheka mpaka kikohozi kikamshika.

Nilimwambia, "Tutaona, Papa." Kwetu mtu akikuambia tutaona, ujue amekunyima. Baba alijua. Aligeuza uso upande wa miti, hakuniuliza tena siku ile.

Mdogo wangu alinifuata njiani akiwa amevimba kwa hasira. "Yaya," akaniita, kama tunavyomwita dada mkubwa, "mi nakata. Kesho asubuhi nakata. Ni muti ya baba yangu, haiko muti ya mfuko." Nikamwambia, kata, halafu uende wewe mwenyewe nyumba kwa nyumba uwaambie walipe. Uanze kwa mjane. Alipiga teke mavumbi, akarudi. Hakukata. Nilitamani kidogo angekata bila kuniuliza, na kusema kweli nilimchukia kwa kutokata.

Nilienda kwenye biro ya mfuko mjini. Ajan alinipa kiti, akaniambia pole ya mzee, akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema neno ambalo mpaka leo likinijia naacha ninachofanya. "Maman, mngesema siku ile. Tungeutoa mti huo hapo hapo, ilikuwa kitu cha kufuta tu."

"Na sasa?"

"Sasa picha zimeshapanda kwa wakubwa. Kamati ndiyo inayoweza. Nitaandika leo."

"Kamati inakaa lini?"

"Tutawapigia, Maman."

Nikamwambia mambo ambayo mwanamke wa kanisa hasemi. Nilimwambia baba yangu amepanda miti kabla yeye hajaota meno, kwamba msitu huo wanaoulinda ungekuwa udongo mtupu bila mzee huyo, na sasa mzee huyo ananyimwa shina moja, moja! Aliinamisha kichwa. Aliandika kweli, nilimwona akiandika. Nilitoka nikalia barabarani kati ya watu na pikipiki, bila hata kuziba uso.

Nilienda tena wiki iliyofuata, na iliyofuata. Kamati haijakaa. Kamati imekaa lakini mambo yalikuwa mengi. Mwenye kusaini yuko safarini. Nilianza kumwona baba kila nilipofumba macho, amegeuza uso upande wa miti.

Nikaitisha kikundi. Hatukukutana kwa baba safari hii, tulikutana kwenye uwanja wa kanisa, na kwa mara ya kwanza nikautaja mti ule kwa mdomo wangu. Nikawaambia: ndugu zangu, Mzee anataka mti wake, na sisi sote tunajua ni haki yake. Tukiukata, dosye inafungwa. Nani yuko tayari? Wakainamisha vichwa, kama siku ile ya kutia sahihi. Mmoja alikuwa ameezeka nyumba kwa mkopo. Mwingine alikuwa amempeleka mtoto shule. Na sote tulijua kwamba deni likidaiwa kwa pamoja, hakuna mwenye kulipa isipokuwa kwa kuuza miti, yote, kwa wanunuzi wale wale ambao bado walikuwa wanapita kila Jumatatu wakiuliza kama tumechoka.

Mjane ndiye aliyesema. Alisimama, mikono kifuani. "Maman Prezida, mi Mzee namupenda. Kwake njo nalalaka mvua ikinyesha. Lakini ile miti ikienda, udongo haitakuya kwa jiko tena, itakuya kwa kitanda." Akaanza kulia, na alilia kwa sauti kubwa sana, akaniomba msamaha katikati ya kilio. Nilienda nikamkumbatia. Tuliondoka pale bila kuamua kitu, na kutoamua kwenyewe kulikuwa uamuzi.

Baba alikuwa anasikiliza. Hicho ndicho kilichonimaliza nguvu. Hakuona tena, kwa hiyo alisikiliza siku nzima. Nikifika alishika mkono wangu na kusema, "Musumeno siisikii." Hakulalamika. Alisema kama anavyosema mtu kwamba mvua bado. Nilimwambia fundi anaumwa, nilimwambia msumeno umepelekwa kunolewa. Siku moja akaniuliza, "Huko Kamembe kwote hakuna musumeno mukali?" na nikatoka nje nikajifanya natafuta kuni.

Kisha akashindwa kupumua, tukampeleka hospitali ya Mibirizi. Daktari alimwekea oksijeni, akatuambia akipata nafuu tumrudishe nyumbani, na alisema nyumbani kwa namna ambayo tulielewa. Mdogo wangu alibaki naye. Mimi niliporudi kilimani kuchukua mablanketi, mjane alikuwa ananingoja mlangoni. Ni yeye aliyelitoa wazo lile, na simlaumu, maana sekunde aliyolisema nililiona kama mlango umefunguka. Alisema, "Mzee haoni. Na hayuko hapa. Akirudi akute mbao ku dari, nani atamwambia haiko muti yake?"

Nilitafuta gereveriya Kamembe nzima. Haikuwepo. Wilaya ilikuwa imesimamisha vibali vya kukata kwa muda, ili kuhesabu miti iliyobaki, kwa hiyo hapakuwa na mbao ya huku, kavu wala mbichi, hata kwa wale wenzangu wanaojua kuficha. Kila mlango ulikuwa umefungwa kwa sababu nzuri. Kwenye depo yangu zilikuwa zimebaki mbao chache za zamani, zenye karatasi zake zote, za halali. Ee Mungu wangu, unajua zilikuwa mbao gani. Zilikuwa libuyu.

Nilizitazama nikajiambia hapana. Halafu simu ikalia, mdogo wangu akasema kesho wanamtoa. Nikazipakia.

Maisha yangu yote nimewaapia wateja kwamba mbao zangu ni kavu. Siku ile mimi na mjane na wanakikundi wengine tulikuwa uani kwa baba tunazimwagia maji mbao kavu ziwe kama mbichi. Tulizipaka majivu zipoteze wekundu, ingawa mtu wa kuuona wekundu huo hakuwepo. Tulichoma majani mabichi ya gereveriya jikoni mpaka macho yakatuwasha, moshi wake uzibe ile harufu. Mtu mmoja akasema, "Penye miti hapana wajenzi," na tulicheka, tulicheka vibaya, kama watu waliolewa, msitu wote umesimama juu yetu na namba zake nyeupe na sisi tunalowesha mbao za Congo kwa beseni la maji. Kisha tukazipandisha darini.

Walimleta kwa gari la kukodi mpaka barabara inapoishia, kutoka hapo akabebwa kwenye machela. Alikuwa mwepesi. Kilima kizima kilikuja kumsalimia. Mdogo wangu alikuwa ameshamwambia njiani, tulikuwa tumekubaliana hivyo: mti umekatwa ulipokuwa hospitali, Papa, tulitaka ukute tayari. Baba hakuomba kupelekwa kitandani. Aliomba jikoni.

Tukamkalisha karibu na moto, mgongo wake kwenye kifua changu. Akasema, "Munishushie moja."

Mdogo wangu aliishusha. Nilikuwa namshikilia baba, kwa hiyo nilihisi kila kitu katika mwili wake. Alipitisha kiganja juu ya ubao, pole pole, toka ncha hii hadi ile. Aligonga kwa kucha. Akauinamia, akanusa. Na nilihisi mgongo wake ukikakamaa, kisha ukalegea, wote mara moja. Watu walikuwa wamejaa mpaka mlangoni, na kila mmoja wao alikuwa amebeba maji ya lile beseni.

Mjane akasema, "Mzee, muti yako imetoa mbao nzuri."

"Nzuri sana, Mzee," wengine wakaitikia. "Haina fundo hata moja." "Muti ya mukono yako, Mzee."

Baba alipitisha kiganja juu ya ubao mara ya pili. Kisha akainua kichwa na kutabasamu upande zilikotoka sauti.

"Eeh," akasema. "Ni muti yangu. Naijua. Aksanti, batoto. Aksanti sana."

Watu wakashusha pumzi, wengine wakapiga makofi. Baba akasema waliokata wapewe pombe, maana ndiyo desturi, mwenye mti huwashukuru kwa mkono wake. Ikaletwa pombe ya ndizi, akashika kibuyu, akampa mdogo wangu kwanza, ingawa siku zote zile alikuwa naye hospitali. "Kunywa, mwanangu. Umefanya kazi." Mdogo wangu alikunywa machozi yakimchuruzika hadi kwenye kibuyu. Watu walidhani ni uchungu wa kumwona baba yake amefikia hapo, na uchungu huo pia ulikuwepo.

Walipoondoka wote, baba alinishika kifundo cha mkono. Sikujua kama bado ana nguvu kiasi hicho.

"Libuyu ni libuyu," akaninong'oneza, "hata mukiinyweshea maji."

"Papa..."

"Nyamaza. Muti yangu iko wima?"

"Iko wima, Papa." Nikaanza kulia. "Naikata. Naikata sasa hivi, namwita huyu alete musumeno, acha kontra iende ilikotoka!"

"Halafu ule mama alale wapi?"

Akapumua kidogo, akanikaza mkono tena.

"Usibaambie kama najua," akasema. "Batashindwa kunizika."

Nilimwomba msamaha mara nyingi, nikirudia neno lile lile kama mtoto, naye hakusema nimekusamehe wala sikusamehe. Aliniambia moto unazimika, niongeze kuni. Niliongeza. Na kwa kuwa alinikataza kuwaambia, hapa sijaandika jina la mtu hata mmoja, wala sitaliandika.

Aliishi siku chache tu chini ya mbao zile. Hakuomba tena kuzishika. Wageni wakija walizisifu, na kila walipozisifu alijibu "eeh, ni zangu", na mimi nilikuwa pale nasikia. Nilitaka apige kelele. Nilitaka anitukane mbele ya watu, aniite mwongo, binti aliyemuuza. Adabu ile ile iliyotufunga midomo siku ya mkutano ndiyo aliyonirudishia, na ilikuwa nzito kuliko tusi lolote. Alifariki asubuhi, mdogo wangu akimnywesha uji.

Fundi alitengeneza sanduku uani. Msumeno ulipoingia kwenye ubao, harufu ya libuyu ilitoka nzima, moshi haukuwa umeizima hata kidogo, ikajaa uani mpaka njiani. Watu waliendelea kumenya ndizi na kuchambua mchele wakiwa wameinamisha vichwa. Jina la ajan lilitokea kwenye simu yangu siku hiyo, alinipigia kunipa pole. Nilimuuliza kamati. Akasema bado, Maman, lakini iko kwenye ajenda.

Tulimzika chini ya miti yake, mahali alipokuwa amepaonyesha, kati ya mashina yenye namba. Kuchimba kulikuwa kugumu kwa sababu ya mizizi, na wachimbaji walikuwa wanasimama kila mara wakiuliza kama wanaruhusiwa kuikata. Waliniuliza mimi, Prezida. Niliwaambia kateni. Hakuna kontra iliyoandika mizizi.

Sanduku lilipokuwa linateremshwa, mjane alikuja akasimama ubavuni mwangu, akaingiza mkono wake kwenye mkono wangu. Alikuwa amelia mpaka uso umevimba. Wanakikundi wengine walisogea nyuma yetu, karibu, kama watu wanaosikia baridi. Nilijua wanataka kitu kutoka kwangu na nilijua ni kitu gani.

"Maman," akasema kwa sauti ndogo, "angalau Mzee amekwenda moyo yake ikiwa nzuri. Amekwenda akiamini ni muti yake. Haiko vile?"

Wote walikuwa wananitazama. Mdogo wangu pia, ng'ambo ya kaburi, na yeye hajaambiwa chochote mpaka leo. Kama ningesema neno moja la kweli, hakuna hata mmoja wao ambaye angeweza kuinua koleo.

"Eeh," nikasema. "Alikuwa anaamini."

Alinibana mkono kwa shukrani, akaenda kuchota udongo, na wengine wakamfuata.